Ugomvi wa Wapendanao: Kwa Nini Komedi za Skruboli za Hollywood Hazichuji

Asubuhi, wapelelezi wanaingia katika kibanda cha kulala wasafiri kando ya barabara kuu. Wanamtafuta binti wa tajiri aliyemtoroka baba yake. Binti mwenyewe yumo humo humo, pamoja na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi, mtu aliyekutana naye ndani ya basi. Pa kujificha hapapo. Basi mwanamume anamvuruga binti nywele na kuanza kumfokea. Binti naye anajibu, sauti inapanda, wanakumbushana makosa ambayo hayajawahi kutokea, mithili ya watu waliochoshana kwa miaka kumi ya ndoa. Wapelelezi wanaona haya, wanaondoka. Mke na mume hao, nani mwingine angegombana hivyo? Mlango ukishafungwa, wawili wale wanaangua kicheko.

Hiyo ni *It Happened One Night* ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra, na waigizaji wake wakuu ni Clark Gable na Claudette Colbert. Ilichukua Oscar tano kubwa kwa mkupuo: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na mswada. Hakuna filamu iliyowahi kufanya hivyo kabla yake. Mtu akitaka kuielewa aina hii yote ya sinema, komedi za mapenzi ziitwazo skruboli, tukio la kibandani linatosha kumfungulia mlango. Wawili hao hawajapendana bado, lakini tayari wanajua kugombana kwa mdundo mmoja, na katika filamu hizi hiyo ndiyo posa.

Jina lenyewe lilitoka uwanjani. Skruboli ni mrusho wa besiboli ambao mpira huzunguka kinyume na mrusho wa kawaida wa kupinda, kwa hiyo mpigaji anautarajia upande huu nao unamjia upande ule. Bingwa wake alikuwa Carl Hubbell wa New York Giants, ambaye Julai 1934, katika mechi ya nyota wa ligi, aliwatoa wapigaji watano mashuhuri mfululizo, Babe Ruth akiwa wa kwanza. Mitaani neno hilo lilikuwa na maana ya pili: mtu chizi. Zote mbili ziliingia katika sinema, nasi tukiziita komedi za machizi hatutakuwa tumekosea sana. Ila uchizi ni ngozi ya juu tu. Ndani kuna ufundi wenye nidhamu kali.

Maelezo ya haraka na kasoro zake

Zama zake zilianza 1934 na kufifia baada ya Marekani kuingia vitani mwishoni mwa 1941. Ukiuliza kwa nini zilichipuka wakati ule, jibu la kwanza utakalopewa ni udhibiti. Kampuni za Hollywood zilikuwa na Kanuni za Utayarishaji tangu 1930, lakini watu walizipuuza mpaka Julai 1934, ofisi ya udhibiti ya Joseph Breen ilipoanza kuzisimamia kwa ukali. Filamu isiyo na cheti chake haikuonyeshwa katika majumba ya kampuni hizo, na aliyekaidi alikabiliwa na faini ya dola 25,000. Kitanda kikafungiwa, watunzi wakahamishia hamu yote kwenye ulimi. Mhakiki Andrew Sarris aliziita komedi za ngono zisizo na ngono.

Ni maelezo mazuri, lakini tarehe zinagoma. *It Happened One Night* ilitoka Februari 1934, miezi mitano kabla ya Breen kushika rungu, na tayari ina kile kinachodaiwa kuzaliwa na udhibiti. Chumba kimoja, vitanda viwili, watu wawili wasiooana. Mwandishi wa habari anafunga kamba katikati, anatundika blanketi, analiita Kuta za Yeriko. Anayeijua hadithi ya Yoshua anajua kuta zile ziliangushwa na nini, kwa hiyo tangu usiku huo anasubiri tarumbeta. Mwishoni tunabaki nje ya kibanda, hatuwaoni wapenzi. Inasikika tarumbeta ya kitoto, kisha blanketi linadondoka sakafuni. Breen, basi, hakupanda mbegu. Alikuta mti umeshaota, akafunga njia nyingine zote ili kila mtunzi apite chini ya kivuli chake.

Jibu la pili ni njaa. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi, na inasemwa watu walikwenda kutazama makoti ya manyoya na shampeni ili wasahau. Kuna ukweli, lakini tazama matajiri wenyewe wanavyofanywa. Katika *My Man Godfrey* ya 1936, iliyoongozwa na Gregory La Cava, wanashindana kukusanya vitu visivyotakiwa na mtu yeyote, na kimojawapo ni binadamu. Wanamwokota mwanamume jalalani kando ya mto jijini New York, wanamwajiri awe mtumishi wa ndani, na kuanzia hapo yeye ndiye mtu pekee mwenye adabu katika nyumba ile. Au rudi kwa Gable. Anapokwenda kwa baba wa msichana, mzee anadhani amefuata zawadi ya dola 10,000 iliyotangazwa. Kumbe anadai dola 39 na senti 60, gharama zake za safari, basi. Senti sitini zile ndizo zinazomwozesha. Mtazamaji aliyelipia tiketi kwa sarafu za mwisho alielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Sababu ya tatu haitajwi sana, nayo ni ya kifundi. Filamu zenye mazungumzo zilishika kasi baada ya 1927, na mwanzoni maikrofoni zililazimisha waigizaji kuganda sehemu moja kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vifaa viliruhusu mtu kuongea huku anatembea, anavaa koti, anafunga mlango. Na waandishi wa tamthilia wa New York walikuwa wameshahamia Hollywood kufuata mishahara. Maneno yalipata miguu.

Utani wenye sheria

Msomaji wa Tanzania ana njia ya mkato ya kuelewa mazungumzo ya filamu hizi: utani. Mchaga na Mpare wakikutana wanaweza kuchambana mpaka mgeni akadhani ngumi zinakuja, lakini sheria inajulikana. Mtani hujibiwa, hakasirikiwi. Anayekasirika ameshindwa. Wapenzi wa skruboli wanaishi kwa sheria hiyo hiyo. Kila mmoja anampima mwenzake kama ana jibu, na jibu likija haraka na kwa makali yale yale, mapenzi yamesogea hatua moja. Hakuna haja ya mtu kusema "nakupenda"; neno hilo likitamkwa mapema, mchezo umeharibika.

Kilele chake ni *His Girl Friday* ya Howard Hawks, iliyotoka 1940. Ilitokana na tamthilia ya 1928 ya Ben Hecht na Charles MacArthur, ambamo mhariri wa gazeti anamng'ang'ania ripota wake asiache kazi. Katika tamthilia wote ni wanaume. Hawks alimgeuza ripota kuwa mwanamke, tena aliyekuwa mke wa mhariri. Mabadiliko hayo yakayapa maneno yote maana mbili: kila anaposema "rudi kazini" anasema pia "rudi nyumbani". Kwa vipimo vinavyotajwa sana, mazungumzo humo hufikia maneno 240 kwa dakika, wakati maongezi ya kawaida ya Kiingereza huwa kwenye 150 hivi.

Kasi hiyo haikupatikana kwa kuwaambia Cary Grant na Rosalind Russell waharakishe tu. Hawks alitaka sentensi zianze na kuishia kwa maneno yasiyo na uzito, kiini kikae katikati. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Sikiliza bwana, hela zote anazo mkweo, ndivyo ilivyo, mimi nakwambia." Mwenzako anaweza kuanza kujibu ukiwa kwenye "ndivyo ilivyo", na msikilizaji hajapoteza kitu, maana "hela zote anazo mkweo" imeshafika. Ukijaribu ujanja huo na sentensi yenye habari muhimu mwishoni, unapata kelele tupu.

Kamera nayo ina zamu yake. Mara nyingi wapenzi huwekwa wote wawili ndani ya fremu moja, kuanzia kiunoni au magotini, bila kukatakata. Sababu ni rahisi: kicheko kiko kwa anayesikiliza. Ukikata kwenda kwenye uso wa msemaji peke yake, umemficha mtu anayechomwa.

Mwanamke kwenye usukani

Hapa ndipo filamu hizi zinapowashangaza hata watazamaji wa leo. Anayepanga, anayefukuzia na anayedanganya mara nyingi ni mwanamke; mwanamume anaburutwa. *The Lady Eve* ya 1941, iliyoandikwa na kuongozwa na Preston Sturges, ndiyo mfano uliokamilika kuliko wote, na kama ningeruhusiwa kuokoa moja tu kwenye moto ningeikimbilia hiyo. Barbara Stanwyck ni tapeli wa karata melini. Henry Fonda ni mrithi wa utajiri wa kiwanda cha bia, ametoka Amazon alikokuwa akichunguza nyoka, na wanawake anawajua kidogo kuliko nyoka. Katika ukumbi wa chakula wasichana wote wanamwinda. Stanwyck hageuki hata kumtazama. Anainua kioo chake cha poda na kuwatangaza wote kama mtangazaji wa mpira: huyu kaangusha leso, yule kajichekesha, wapi, hajaangalia. Fonda anapopita mezani kwake, anamtia ngwala. Sisi tumeona kila kitu ndani ya kioo chake. Tangu dakika hiyo yeye ndiye mwongozaji wa filamu.

Baadaye kuna tukio la karibu dakika nne bila kukatwa. Stanwyck amekaa na Fonda, amemkumbatia kichwa, anamchezea nywele huku akizungumza mambo ya kawaida kabisa, na mrithi wa watu anakaribia kuzimia. Nguo zote ziko mwilini na hakuna kanuni iliyovunjwa, hata hivyo ni miongoni mwa matukio yenye joto kali kuliko mengi ya sinema za zama zile.

Mwanamume, kwa upande wake, lazima aanguke. Fonda anajikwaa, anaangushiwa chakula, anabadilisha suti mara kwa mara katika karamu moja. Katika *Bringing Up Baby* ya 1938, nayo ya Hawks, Grant ni mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale ambaye kwa miaka minne ameunganisha mifupa ya dinosaria, na amebakiza mfupa mmoja tu: mtulinga wa katikati ya mbavu. Mtulinga uko begani, kwa hiyo mfupa huo haupo duniani. Katharine Hepburn anamwibia mpira wa gofu, kisha gari, kisha siku mbili nzima za maisha yake, na kumtwisha chui wa kufugwa. Filamu inadai chui huyo katoka Brazili! Mtoto yeyote wa Serengeti angewaambia wakaulize upya.

Na wahusika wenyewe hawajui kama wanachekesha. Hepburn mwanzoni alikuwa anaigiza akionyesha kwamba anafahamu utamu wa kichekesho, na kichekesho kikafa. Hawks akamwita Walter Catlett, mchekeshaji mkongwe wa jukwaani, amfundishe. Somo lilikuwa kutenda mambo ya ajabu kwa uzito wa mtu anayetafuta funguo zake.

Bwana Si-Huyu

Karibu kila filamu ina mchumba wa pembeni, yule ambaye mwanamke karibu anaolewa naye. Ralph Bellamy aliigiza nafasi hiyo kwa ustadi hadi ikawa kama yake: tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma katika *The Awful Truth* ya 1937, wakala wa bima kutoka Albany katika *His Girl Friday*. Katika hii ya pili, Grant anapotaka kumwelezea mtu sura ya mchumba huyo anasema anafanana na yule jamaa wa kwenye sinema, Ralph Bellamy.

Angalia alivyoundwa. Si mwovu, si mlevi, hapigi mtu. Ni mpole, anampenda mama yake, atatunza familia. Kosa lake ni moja: hawezi kurudisha mpira. Ukimtania, anaeleza. Watunzi wa baadaye walimgeuza kuwa mhuni au mzinzi ili mwanamke apate kisingizio cha kumwacha, na hapo wakaua swali lenyewe. Ikiwa mpinzani ni mwovu, hakuna uamuzi wa kufanya, na stelingi anashinda kwa kukosa mpinzani.

Talaka inayorejewa

Mwanafalsafa Stanley Cavell, katika kitabu chake cha 1981, aligundua kwamba filamu kadhaa bora za kundi hili hazihusu wawili kukutana. Zinahusu wawili waliokwisha kuachana wanaorudiana. Udhibiti una mkono hapa: mume na mke wa zamani wanaweza kuonyeshwa wakijuana kwa undani bila mtu kupiga kelele. Na wakati wenyewe ulihusika, maana tangu 1931 jimbo la Nevada lilitoa talaka kwa mtu aliyekaa huko wiki sita tu, na mji wa Reno ukawa kituo cha safari hizo.

Msomaji wa pwani atalielewa jambo hili upesi kupitia talaka rejea: ndani ya eda mlango haujafungwa. *The Awful Truth* ya Leo McCarey imejengwa juu ya wazo linalokaribiana na hilo, ingawa ni sheria ya Marekani. Grant na Irene Dunne wanaachana kwa sababu ya kutoaminiana, wanagombea mbwa mahakamani, kisha kuna kipindi cha kungoja kabla ya talaka kukamilika. Kila mmoja anakitumia kuharibu uchumba mpya wa mwenzake. Wanaharibu kwa ubunifu mkubwa, kwa sababu hakuna anayejua udhaifu wako kama mtalaka wako. McCarey, aliyewaachia waigizaji wabuni mengi papo kwa papo, alipata Oscar ya uongozaji.

Inapokwama

*Bringing Up Baby* haikuuza ilivyotarajiwa, na Hepburn akatajwa mwaka huo huo na wenye majumba ya sinema kuwa sumu kwa mauzo. Hawks baadaye alieleza kosa: kila mtu mle alikuwa chizi. Hata polisi, hata mtunza bustani. Bila mtu mmoja wa kawaida wa kushangaa, mtazamaji hana pa kusimama. Binafsi naona hukumu hiyo ni kali mno, lakini kwa mwandishi wa vichekesho vya mapenzi, awe wa Bongo Movie au wa vipande vya dakika mbili vya simuni, ni onyo la kutunza. Mmoja akichizika, mwingine awe na ratiba.

Kosa la pili la waigaji ni kumfanya mwanamke aanguke peke yake, eti ili apendeze. La tatu ni muziki: ukiweka vinanda chini ya majibizano, umemwambia mtazamaji lini acheke, naye hatacheka.

Madoa yapo pia, na hayafutiki. Weusi katika filamu hizi ni wapagazi wa treni na watumishi, wengi wao wamewekwa wachekwe, na katika *His Girl Friday* kuna neno la kudhalilisha linalotamkwa kama la kawaida. *The Philadelphia Story* ya 1940 inafungua kwa mke kuvunja fimbo ya gofu ya mume, naye mume akamsukuma usoni mpaka chini. Ukumbi wa 1940 ulicheka. Leo kicheko kinakwama kooni, na haki yake.

Kwa anayeanza

Usianze na *His Girl Friday*. Maandishi ya tafsiri chini ya skrini hayawezi kufuata kasi ile, kwa hiyo mfasiri hulazimika kuacha sentensi nyingi, nawe utajiuliza wenzako wanacheka nini. Hata mtafsiri hodari wa kibanda umiza, anayeingiza maneno yake pale filamu inaponyamaza, angekosa pa kuingilia. Anza na *It Happened One Night*, dakika 105, yenye mwendo wa basi. Fuatisha *The Lady Eve*, kisha *The Philadelphia Story*. Ukizoea, rudi kwa Hawks. *His Girl Friday* haina tena hakimiliki nchini Marekani, ndiyo maana mtandaoni zimejaa nakala zake za bure zenye sauti ya ndani ya debe. Tafuta iliyosafishwa, maana filamu ya maneno yenye sauti mbovu ni hasara tupu.

*The Awful Truth* iweke usiku wa mwisho, na usiizime kabla haijakwisha. Wanandoa wako nyumba moja, vyumba viwili, mlango wa katikati haufungiki vizuri, na saa sita usiku talaka inakamilika. Ukutani kuna saa yenye vijumba viwili. Vikaragosi, mwanamume na mwanamke, hutoka kila kimoja mlangoni kwake na kurudi mlangoni kwake. Mara ya mwisho vinapotoka, kikaragosi cha mwanamume kinageuka na kuingia mlango wa mwenzake.